Nani ashike hela mzigo ukiwa njiani?

Novemba 2019 Jumia, soko la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania, siku chache tu baada ya kufunga Kameruni. Hapa Dar es Salaam habari ile ilizua maneno mengi. Kuna waliosema Watanzania hatupendi kununua vitu mtandaoni. Wengine wakasema hatuna hela. Wengine wakasema sisi ni watu wa kushika na kupapasa, kitu usichokishika hukinunui. Sikukubaliana nao wakati ule, na kila mwaka unaopita unanizidishia sababu za kuwapinga. Wakati kampuni ile inafungasha virago, mdogo wangu alikuwa anauza mikoba ya kike kwa simu kutoka kwenye kachumba ka duka Kariakoo, na mizigo yake ilikuwa inapanda mabasi ya Mbeya, Mwanza, Kahama na Mtwara. Wanunuzi walikuwepo. Hela ilikuwepo. Watu walikuwa wananunua mtandaoni, ila kwa mdogo wangu na wenzake.

Ndiyo maana vita vya masoko ya mtandaoni havinipiti. Vinagusa kula ya ndugu zangu na ya maelfu ya vijana wengine wenye simu moja, chaja na kijiduka cha kukodi kwa shirika. Na kadiri ninavyovitazama ndivyo ninavyoamini kwamba wapiganaji wengi walipigania mahali pasipo na ushindi.

Nianze na waliokuja. Katikati ya muongo uliopita, Rocket Internet ya Ujerumani ilikuwa na majina ya kila namna Afrika: Kaymu ya soko la bidhaa, Hellofood ya chakula, Jovago ya hoteli, Lamudi ya nyumba, Carmudi ya magari. Mwaka 2016 yote yakapakwa rangi moja na kuitwa Jumia, jina la duka lililozaliwa Lagos mwaka 2012. Tarehe 12 Aprili 2019 Jumia ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la New York. Hisa ilianza kwa dola 14.50, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imepita dola 25. Magazeti yaliandika kwa furaha, na mimi nilifurahi pia. Lakini mwaka haujaisha hisa ilikuwa chini ya bei iliyoanzia, na nchi mbili, yetu ikiwemo, zilikuwa zimeachwa. Baadaye zikafuata nyingine. Huduma ya chakula ikafungwa kila mahali mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 ikawa zamu ya Afrika Kusini na Tunisia.

Wengine hadithi zao ni fupi. OLX, mali ya Naspers ya Afrika Kusini, ilifunga ofisi yake ya Nairobi mwaka 2018, na mwaka uliofuata biashara yake ya Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Nigeria ikachukuliwa na kampuni iitwayo Jiji, ya Lagos. Safaricom, kampuni ya simu yenye wateja karibu Kenya nzima mfukoni, ilifungua soko lake la mtandaoni, Masoko, Novemba 2017, na hata jina hilo kubwa halikutosha kulifanya soko lenyewe kuwa kubwa. Sky.Garden, iliyoanzishwa na Wadenmaki kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa Nairobi, iliishiwa mwaka 2022 na kununuliwa na Lipa Later, kampuni ya kukopesha wanunuzi. Machi 2025 Lipa Later nayo ikashindwa kulipa madeni, ikawekwa chini ya msimamizi. Kilimall, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2014 na Yang Tao, aliyewahi kufanya kazi Huawei, imebaki.

Ukiyaangalia matangazo ya miaka ile utadhani wote waliandikiwa na mtu mmoja. Punguzo la nusu bei. Usafirishaji bure. Ijumaa ya ofa ambayo ilikuwa inachukua mwezi mzima. Hela ya kufidia punguzo hilo ilitoka kwa wawekezaji, na kila oda iliyotoka ghalani ilitoka na hasara yake. Hesabu yao ilikuwa kwamba mteja akishazoea atabaki hata bei ikirudi ilipokuwa. Mteja wa kwetu alichukua punguzo, akashukuru, na ofa ilipoisha akarudi Kariakoo, au Gikomba kule Nairobi. Sioni cha kumlaumu. Kitu pekee alichopewa ni bei, na bei nzuri anajua kuitafuta mwenyewe.

Kuna kisa cha China ambacho napenda kukitumia kila mjadala huu unapozuka, maana kimebeba karibu kila kitu tunachokosa.

Mwaka 2002 eBay, kampuni kubwa kuliko zote za minada ya mtandaoni wakati ule, ilinunua theluthi moja ya EachNet ya Shanghai kwa dola milioni 30, na mwaka uliofuata ikamalizia sehemu iliyobaki kwa dola milioni 150 hivi. Ilikuwa inaongoza soko la China kwa mbali. Mei 2003 Jack Ma wa Alibaba, kutoka Hangzhou, akafungua Taobao. Kuna msemo wake ambao wachuuzi wengi wa mtandaoni wanaujua: eBay ni papa wa baharini, mimi ni mamba wa mto Yangtze, tukipigana baharini nitashindwa, tukipigana mtoni nitashinda. Desemba 2006 eBay ilifunga tovuti yake ya China na kukabidhi biashara iliyobaki kwa kampuni ya huko, Tom Online. Miaka mitatu na nusu ilitosha.

Watu wengi husimulia kwamba Taobao ilishinda kwa sababu haikutoza ada. Ni kweli haikutoza, na eBay ilikuwa inatoza. Lakini bure peke yake haielezi kila kitu, kwa sababu bure tumeiona na huku kwetu na waliotoa bure wamefunga. Mimi naona mambo mawili yalikuwa na uzito zaidi.

La kwanza ni kwamba Taobao iliruhusu watu waongee. Iliweka chombo cha kuandikiana ndani ya soko, mnunuzi akamuuliza muuzaji rangi, akamuuliza kama kitambaa kinachuja, akamwomba apunguze, wakavutana, wakaelewana. eBay haikutaka hilo, kwa hofu kwamba wakishajuana wataenda kumalizana pembeni na ada itapotea. Hofu hiyo inaeleweka kwa anayekaa ofisini. Kwa anayekaa sokoni, kumzuia mteja asiongee na mwenye mali ni kumfukuza.

La pili, na ndilo la moyo wangu, ni Alipay. Mwaka 2003 China hakuna aliyemwamini mtu asiyemjua. Ukituma hela kwanza, mwenye mzigo anaweza kupotea. Ukituma mzigo kwanza, mwenye hela anaweza kupotea. Taobao ikasema: mnunuzi alete hela kwetu, tutaishika, muuzaji atume mzigo, mnunuzi akishaupokea na kuridhika ndipo tumlipe muuzaji. Oktoba mwaka huo muamala wa kwanza wa namna hiyo ulipita. Ilikuwa ni kamera ya Fuji iliyokwisha kutumika, yuani 750, muuzaji akiwa Japani na mnunuzi akiwa mwanafunzi mjini Xi'an. Kamera moja kuukuu, na watu wawili waliotenganishwa na bahari. Mwaka 2005 Alipay ikaongeza ahadi kwamba ukitapeliwa ukiwa unaitumia, hasara ni yake, itakulipa. Baada ya hapo ndipo mnunuzi wa Harbin akaanza kununua kwa mtu wa Guangzhou ambaye hatamwona maisha yake yote.

Sasa nirudi Kariakoo, nikuoneshe jinsi mkoba mmoja unavyouzwa, maana hapa ndipo ushindani wenyewe ulipo.

Asubuhi mdogo wangu anapiga picha mzigo mpya. Anaupandisha Instagram na kwenye status ya WhatsApp, bei ameiandika wazi, kwa sababu anachukia ile tabia ya "bei njoo DM" na anasema inafukuza watu wenye hela. Ujumbe unaanza kuingia. "Dada mzigo upo?" "Upo mpenzi." "Kahawia?" "Kahawia na nyeusi, nyekundu imeisha." "Mwisho?" Hapo bei inaanza kushuka kidogo kidogo, mteja analalamika, yeye anacheka kwa emoji, wanakutana mahali. Halafu linakuja swali ambalo kila muuzaji wa mtandaoni Tanzania analijua: "Nipo Songea. Nitajuaje kama utatuma?"

Kila kinachofuata ni kazi ya kujibu swali hilo. Anamtumia mrejesho wa wateja waliopita, picha za skrini zenye maneno kama "nimepokea dada, ubarikiwe". Anamtumia video ya duka lenyewe, anaanzia barabarani, bango la jirani lionekane, anaingia mpaka ndani. Wengine wanataka wapigiwe simu ya video papo hapo. Mteja akilainika anatuma hela kwa Lipa Namba, au kwa namba ya kawaida "na ya kutolea". Basi mdogo wangu anafunga mkoba, anazungushia selotepu, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni, anapiga picha. Bodaboda anaupeleka ofisi ya basi Shekilango. Risiti ya mzigo inapigwa picha nayo, inatumwa WhatsApp pamoja na namba ya basi na ya kondakta. Kesho yake mteja anakwenda stendi.

Hakuna kampuni iliyowekeza hata senti katika mfumo huu. Wachuuzi wameujenga wenyewe kwa kuunganisha simu, basi na pikipiki, na unafanya kazi kuliko maghala yaliyojengwa kwa mamilioni ya dola. Kwangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko mwingi unaopewa tuzo kwenye mikutano ya hotelini. Jumia ilishindana na huu, si na Kilimall wala OLX.

Lakini una tundu, na tundu ni lile la Songea. Hela ikishatumwa, imekwenda. Mitandao ya simu inaweza kukusaidia ukikosea namba, ukiwahi. Ukiwa umetuma kwa hiari yako kwa mtu aliyekudanganya, hiyo ni kesi ya polisi, na nani ataanza kesi kwa mkoba wa elfu arobaini? Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumekuzwa na tahadhari. Mwaka juzi tapeli mmoja alichukua picha zote za mdogo wangu, akafungua akaunti yenye jina linalofanana na lake kasoro herufi moja, akakusanya hela za watu. Wateja waliolizwa walimpigia yeye. Mama mmoja alilia kwenye simu, ilikuwa hela ya zawadi ya mahafali ya binti yake. Mdogo wangu alimtumia mkoba kwa gharama yake, ingawa hakupokea hata shilingi kutoka kwa yule mama, kwa sababu jina lililochafuka lilikuwa la kwake. Aliumia, na mimi niliumia naye.

Kwa hiyo muuzaji mwaminifu analipa kodi ya utapeli wa wengine, na kwa mteja mpya analipa tena kila siku, kwa saa za kuandikiana, kwa video na kwa kubembeleza. Muuzaji mpya asiye na mrejesho hapati hata pa kuanzia.

Masoko makubwa yalilijua tatizo hili. Dawa yao ilikuwa malipo mzigo ukifika. Ni dawa nzuri kwa mnunuzi, na ilivuta wengi. Kwa kampuni ilikuwa mzigo mzito. Dereva anafika Kimara, simu ya mteja haipokelewi. Au inapokelewa, mteja anasema yuko kazini arudi kesho. Au anaufungua, anaupindua, anasema amebadilisha mawazo. Mzigo unarudi ghalani, mafuta yamekwenda, na hakuna aliyelipa. Ongeza hapo suala la anwani. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina vibao vya namba na mitaa ina majina, na mimi ni katika wanaolishukuru zoezi lile. Bado bodaboda akikupigia atakuuliza uko upande gani wa msikiti, na ukimtajia namba ya nyumba atakuuliza tena.

Kampuni iliyokaribia zaidi kulitatua hili kwa njia ya kwetu, kwa maoni yangu, ni Copia ya Kenya. Ilianza mwaka 2013 na haikumtafuta kijana wa Westlands, Nairobi, mwenye kadi ya benki. Ilimtafuta mama wa kijijini. Ilimpitia mwenye duka, kinyozi, fundi cherehani, mtu ambaye kijiji kinamjua kwa jina la baba yake, ikamfanya wakala. Unakwenda kwake, unachagua kwenye katalogi, unamlipa, siku chache baadaye unakuja kuchukua kwake. Mzigo ukikosekana hukimbizani na namba ya simu isiyopatikana, unamfuata mtu ambaye Jumapili mnakaa benchi moja kanisani. Imani waliyohitaji ilikuwa kijijini tayari, na waliitumia kwa heshima. Januari 2022 wawekezaji waliwapa dola milioni 50. Mei 2024 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi.

Kuanguka kwa Copia kulinisikitisha kuliko kwa Jumia, na bado kunanisikitisha. Kulionesha kwamba hata ukiipata imani, kupeleka unga, mafuta ya kupikia na magodoro kwa lori mpaka barabara ya vumbi kuna gharama ambayo faida ndogo ya bidhaa hizo haiwezi kuibeba, na mwekezaji anayesubiri kuona faida hasubiri milele. Mabasi ya mdogo wangu yanakwenda Songea hata kama hana mzigo. Lori la Copia lilikwenda kwa ajili ya Copia peke yake. Sisemi hiyo ndiyo sababu yote, ila ndiyo ninayoiona nikilinganisha njia hizo mbili.

Kuna upande wa pili wa ushindani huu ambao hauzungumzwi sana hapa nyumbani, nao ni nani hulipa gharama soko moja likishashinda. China waliuona. Alibaba ilipokuwa kubwa, ikaanza kuwabana wauzaji: ukiuza kwangu usiuze kwa mwenzangu, chagua mmoja. Wachina waliliita hilo jambo kuchagua mmoja kati ya wawili. Aprili 2021 mamlaka ya udhibiti wa soko ilipiga Alibaba faini ya yuani bilioni 18.2, ambayo ni asilimia 4 ya mauzo yake ya ndani ya mwaka 2019. Mamba wa mtoni akaambiwa mto si wake.

Sisi tulionja jambo la jirani na hilo kwenye usafiri. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipanga nauli za teksi za mtandaoni na kuzuia kamisheni isizidi asilimia 15, baada ya madereva kulalamika kwa muda mrefu kwamba wanakatwa hata robo ya nauli na zaidi. Aprili Uber ikasimamisha huduma Tanzania. Baada ya mazungumzo kiwango kikapandishwa mpaka asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarudi. Nilipanda magari mengi kipindi kile na niliwauliza madereva. Wapo waliosema asilimia 15 ilikuwa haki yao na serikali ililegea. Wapo waliosema bora kukatwa robo kuliko kukaa kijiweni bila abiria. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na mpaka leo sijui ningepiga kura upande gani. Nililojifunza ni kwamba dereva hakuwa na cha kuondoka nacho. Nyota zake, safari zake zote, sifa aliyoijenga kwa miaka, vilikuwa mali ya programu. Akihama anaanza kama mgeni.

Mchuuzi wa mtandaoni yuko hapo hapo. Wafuasi, mrejesho, mazungumzo ya miaka, vyote vinakaa kwenye mtambo wa mtu mwingine, na akaunti ikifungwa au ikiibwa, duka limeungua.

Na sasa kuna wageni wapya mlangoni. Temu ilianza Marekani Septemba 2022, ikiwa chini ya wenye Pinduoduo, soko kubwa la mtandaoni la China, na kwa miaka miwili ilimwaga mabilioni ya dola kwenye matangazo. Mei 2025 Marekani ikafuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vidogo vinavyotoka China. Kampuni yenye viwanda nyuma yake, ikibanwa mlango mmoja, inabisha mingine. Hapa Dar si lazima usubiri hata programu. Kuna magrupu ya WhatsApp ya kuagiza China ambako mwalimu wa shule ya msingi anachagua sufuria kwa picha, anachangia kontena na wenzake, anahesabiwa kwa kilo, na mzigo unafika baada ya wiki kadhaa. Bidhaa ile ile iko Mtaa wa Kongo kwa bei ya juu zaidi.

Hili linawatia hofu wafanyabiashara wa Kariakoo, na nawaelewa. Kwa miaka mingi faida yao ilitokana na kujua njia ya kwenda Guangzhou na Yiwu, na njia hiyo sasa iko kwenye simu ya kila mtu. Hawataishinda bei ya kiwandani. Wanachoweza ni kumpa mteja mkoba leo badala ya mwezi ujao, kumbadilishia zipu ikigoma, na kumsikiliza kwa lugha yake. Mdogo wangu ameshaanza: mkoba ukiharibika ndani ya mwezi, anaurudisha kwa basi, fundi wa jirani anaushona. Wateja wanaorudi kwa sababu ya fundi yule ni wengi kuliko waliowahi kurudi kwa sababu ya punguzo.

Kampuni kadhaa za hapa kwetu zimewahi kujaribu huduma ya kushika hela katikati. Tatizo ni kwamba kila moja ilikuja na programu yake mpya, ikitaka muuzaji na mnunuzi wote wajisajili upya, na mteja wa Songea hapakui programu ya mtu asiyemjua ili amwamini mtu mwingine asiyemjua. Kazi hii inapaswa kufanywa na wale ambao hela inapita kwao tayari, yaani mitandao ya simu na mabenki.

Wanaweza, kwa sababu wameshafanya jambo gumu zaidi. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana hela itoke mtandao mmoja iingie mwingine, na Vodacom akaungana nao mwaka 2016. Walikuwa wapinzani wakubwa, lakini walielewa kwamba njia ikiwa ya wote biashara inakua kwa wote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufika hapo, na hatujisifu vya kutosha. Kushika hela ya mkoba kwa siku tatu mpaka mteja abonyeze kwamba ameupokea ni kazi ndogo kuliko ile.

Ninachotaka kiwe hivi. Mnunuzi apige menyu ile ile anayoijua, achague kulipia mzigo ulio njiani. Muuzaji apate ujumbe kwamba hela ipo, imeshikwa, haitoki mpaka mzigo ufike na hairudi bila sababu. Risiti ya basi iwe ushahidi. Wakibishana, kuwe na mtu wa kusikiliza pande zote mbili na siku iliyowekwa ya kutoa uamuzi, na asiyeridhika aende Tume ya Ushindani akiwa na karatasi mkononi. Na rekodi ya muuzaji, kwamba ametuma mizigo mingapi na mingapi imefika, ifungwe kwenye namba yake ya biashara aweze kuionesha popote atakapouza, iwe Instagram, Jiji, au soko lolote litakalokuja kesho. Masoko yashindane kumvutia akiwa na sifa zake mkononi.

Benki Kuu ya Tanzania tayari ina TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Huduma hii inaweza kukaa juu yake, na isitolewe bure, maana tumeshaona bure inavyoisha. Iwe na tozo ndogo, ikatwe kwa muuzaji mzigo ukishapokelewa. Nimemuuliza mdogo wangu kama angekubali kulipa. Alinijibu bila kuinua macho kwenye simu, akiwa anamtumia mtu wa Tunduru video ya duka: angeanza leo.